Kitu Laini Ndani ya Kalvati

Tangu Jumamosi, hapa mtaani Jericho napita vichochoroni kama mwizi. Siku hiyo majirani wote tulitoka kuzibua mtaro kabla mvua haijaingia manyumbani tena. Nikakunja suruali yangu mpya ya miguu mipana, nikachukua mti mrefu, nikauingiza kwenye kalvati linalopita chini ya barabara.

"Na mwenyekiti wetu, Mzee Njoroge, yuko wapi?" nikauliza kwa sauti. "Kutuamrisha anajua, kazi hataki!"

Watu wakacheka, nami nikazidi kujiona.

Mti ukagonga kitu laini. "Wametupa godoro humu," nikasema, nikasukuma. Likasogea, kisha likarudi. Nikalisukuma kwa nguvu zangu zote.

Humo ndani mkatoka yowe la mtu.

"Wewe!" jirani yangu Mama Wambui akapiga kelele. "Mzee ameingilia upande ule mwingine!"

Tukakimbia ng'ambo ya barabara. Mzee akatoka kinyumenyume kwa magoti, matope hadi masikioni, ameshika bega.

"Ni nani huyo aliyekuwa akinisukuma?"

Watu wote wakarudi nyuma. Nikabaki pale mbele peke yangu, na mti mkononi.