Miisho ya Bwana Pazia

Kinyozi huyu watu walimwita Pazia, na jina lilimkaa, maana alipenda michezo ya jukwaani kuliko alivyopenda kula. Kila Jumamosi, akishafagia nywele na kufunika mashine zake, alivaa koti lake moja la heshima, huyoo, ukumbini. Jumatatu ukikaa kwenye kiti chake umekwisha. Utake usitake, utasimuliwa. Atakunyoa upande mmoja, mashine ibaki hewani, akuoneshe jinsi mfalme alivyotembea, nawe na nusu kichwa chako mngoje mpaka mfalme afike kwenye kiti cha enzi. Michezo ya nyimbo ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu sauti alinyimwa ila moyo alipewa wa watu watatu. Wateja walimvumilia. Wengine, nisiseme uongo, walifuata hadithi, nywele zilikuwa kisingizio tu. Muuza nyama wa duka la pili alikuja kunyolewa mara mbili kwa wiki, na kichwa chake kilikuwa upara mtupu tangu ujanani.

Sasa hapo ndipo penye kichekesho. Mpenzi mkubwa huyu wa jukwaa hakuwahi kuona mwisho wa mchezo hata mmoja. Mtu aliyesimama tangu asubuhi akizunguka vichwa vya wenzake, ukimkalisha kwenye kiti laini gizani, unategemea nini? Sehemu ya kwanza alikuwa macho kodo. Wakati wa mapumziko alikunywa soda na kubishana na watu asiowajua. Taa zikizimwa mara ya pili, naye anazimika. Kilichomwamsha ni makofi, basi anaruka wima na kupiga makofi kuwashinda wote, machozi ya usingizi yakimtiririka, na waliokaa nyuma yake wananong'onezana kwamba yule baba ana hisia kweli.

Miisho alikuwa akiitunga mwenyewe njiani kurudi nyumbani. Tumpe haki yake, alitunga vizuri. Hakupenda kumwacha mtu analia. Kwa Pazia waliopotea walirudi, waliogombana walipatana, msaliti aliumbuka mbele za watu, na harusi haikukosekana. Wala hakuona kuwa ni uongo. Aliona anamalizia kazi tu, kama vile kumpaka mteja poda shingoni.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo. Enzi za uchumba alishindana na fundi saa, mtu wa maana, asiyechelewa popote. Pazia alikuwa na nini cha kumshinda? Alikuwa na mchezo mmoja, wa mwanamke anayewasha taa dirishani kila jioni akimngoja mume aliyeondoka kwa ugomvi. Akamsimulia binti kwamba mwishoni mume anarudi, kalowa chapachapa, anapiga magoti mlangoni na kusema, "Nimekosa." Binti akafuta machozi, na fundi saa akaambulia patupu. Tangu hapo, wakikorofishana ndani ya nyumba, mke alisema neno moja tu: "Yule wa mchezo alipiga magoti." Pazia akapiga magoti, ya miaka ile na ya miaka hii, siku hizi yakilia kwa maumivu.

Mke mwenyewe hakuwahi kuukanyaga ukumbi. Alikuwa mtoa dawa zahanati, na zamu za Jumamosi na Jumapili zilimwangukia yeye. Pazia naye alimfariji: "Mke wangu, ukisimuliwa na mimi ni sawa na kwenda." Halafu zahanati ikabadilisha zamu, na juma hilo hilo tangazo likabandikwa kwamba mchezo wa taa unarudishwa jukwaani, Jumapili alasiri. Mke akanunua tiketi bila kuuliza mtu.

"Nataka nimwone kwa macho yangu akipiga magoti," alisema.

Pazia akaanza kupiga hesabu. Mume wa kwenye mchezo akirudi, amepona. Asiporudi, basi mke wake wa miaka yote hiyo aliolewa kwa kitu ambacho hakikuwepo, na atalijua hilo Jumapili, ameketi pembeni yake. Siku ilipofika akajaribu kuumwa tumbo. Lakini ukiugua mbele ya mtoa dawa unajitafutia nini? Kidonge kililetwa na maji juu yake. "Kutwa mara tatu," mke akasema. "Saa tisa tunatoka." Muuza nyama aliposikia, naye akajialika, akajipulizia manukato mpaka nzi wakahama duka.

Siku hiyo usingizi ungekuja kutoka wapi? Pazia alikaa na roho mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiona sehemu ya pili. Mwanamke wa jukwaani aliwasha taa. Majirani walipita, wakacheka, wakaacha kucheka. Nywele zake zikawa na mvi. Pazia aliukodolea mlango macho, akiuombea kimoyomoyo ufunguke. Haukufunguka. Jioni moja mwanamke aliitazama ile taa, akaizima kwa pumzi moja, akaketi kwenye kiti cha mumewe na kuanza kula chakula chake taratibu. Pazia la jukwaa likashuka. Ukumbi mzima ukawa kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mtu mzima ikasikika wazi:

"Kumbe harudi?"

Ilikuwa yake Pazia mwenyewe. Vichwa viligeuka. Cha mkewe kiligeuka mwisho, polepole.

Nje, muuza nyama alikuwa amemkamata mkata tiketi. "Mwigizaji wenu ameugua? Mmefunga pazia na mtu hajarudi."

"Mzee, ndivyo unavyoishia."

"Usinifundishe. Mimi nimesimuliwa mchezo huu na mtu aliyeuona. Yule pale, muulize."

Pazia akainama haraka kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Nyumbani mke aliinjika chai, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Ulikuwa unalala."

"Sehemu ya pili tu."

"Michezo yote?"

"Yote, mke wangu."

Akaanza kumhoji mmoja baada ya mwingine. Mfalme je, alisamehewa? Pazia hakujua, aliamka taji likiwa kichwani pa mtu mwingine. Na wale dada wawili? Harusi aliiweka yeye. Na ule wa nyimbo, wa waoka mikate? Hapo aliamshwa na ngoma, hakuwa na habari hata nani alikufa. Mke akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo fundi wa watu alikosa mke kwa sababu wewe ulisinzia."

"Ndiyo."

"Na magoti yote uliyonipigia ni ya bure."

"Magoti hayakuwa ya bure," Pazia akasema. "Yale yalikuwa yangu."

Mke akazungusha kikombe mezani. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na ule wa mama na mtoto mgonjwa?"

Pazia aliujua. Huo alimsimulia mwaka walipomzika kifungua mimba wao, wakati mkewe alikuwa haongei na mtu, anakaa tu kitandani akihesabu upya dawa alizompa mtoto kwa mkono wake. Kwenye mchezo ule, alimwambia, mtoto anamrudia mamaye ndotoni na kumwambia kwamba hakukosea kitu, si dawa wala kipimo. Usiku ule mkewe alilala mpaka asubuhi.

Pazia akafungua mdomo aseme kweli.

Mkewe akauziba kwa kiganja. "Huo," akasema, "usiniambie."