Vumbi la Jupita na karatasi ya kufungia sangara wa mama

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijaipamba hata kidogo. Ilinikuta Ilemela miaka ya tisini nikiwa form two, na mpaka leo sijui nicheke au nikasirike.

Mama alikuwa anauza sangara wa kukaanga. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilishaingia, majarida ya nje yamejaa madukani, basi akawa ananunua yale ya zamani ya kufungia samaki. Mimi nayasoma kwanza.

Siku moja nakuta ukurasa unasema Jupita ina pete za vumbi! Eti vimwezi vyake vidogo vikigongwa na vijiwe vya angani vinatimua vumbi, nalo linabaki likizunguka. Hafifu mno. Linaonekana vizuri likiwa kati yako na jua.

Nikavurugwa. Vumbi gani hilo lisilo na upepo?

Halafu nikakumbuka wadudu wetu wa ziwani, wanaopaa kama moshi. Ukilipa jua mgongo huoni kitu. Ukigeuka, wingu hilo.

Sasa mwalimu wa jiografia alikuwa anachagua timu ya chemsha bongo ya kwenda Musoma. Akauliza sayari zenye pete. Nikajibu Saturn na Jupita.

"Saturn peke yake! Binti mbishi wewe. Kesho lete ushahidi, la sivyo jina lako nalikata."

Nikakimbia nyumbani, nikamweleza mama yote. Akaniambia nikateke maji kwanza, ukurasa atanitafutia. Foleni bombani ndefu; narudi jioni, ananiambia, "Mwanangu, nimeshauwashia jiko."

Nililia wakuu, sitanii. Jina likakatwa. Mama nikamnunia mwezi mzima, naye kimya. Ameshatangulia mbele za haki.

Juzi nimemkuta yule mwalimu nyumbani kwake, huko Buswelu, sasa ni mstaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule wa Jupita?"

Akaingia ndani, akatoka na atlasi kuukuu. Ndani yake ukurasa wangu!

"Mama yako aliniletea ulipokwenda kuteka maji. Nikaona nimekosea, na nilishasema mbele ya darasa zima. Nikamwomba asikwambie."

Loh! Nikamwomba ule ukurasa, akanipa.

Funzo: usimnunie mama kabla hujajua alikotoka.

Ila nisaidieni, kichwa kinaniuma. Mwalimu nimsamehe? Na mama, kwa nini alikubali kubeba lawama yote ile?

Maana nilipofika nyumbani niliuinua ule ukurasa kwenye jua. Alama za vidole vya mama zote zipo, za mafuta ya samaki.