Nilikubali sifa za ngoma ya mpwa wangu, hadi tulipoacha kucheza Jumamosi

Wakuu, salamu kutoka Kiogoro, Kisii. Hii nitaiandika ilivyotokea, hata pale ninapoonekana mbaya. Hakuna chumvi.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu; hapa wananiita Omogaka, yaani mzee. Nimezunguka sana. Nimeosha vyombo Mtwapa, nimepakia viazi Nakuru, nimelinda geti Eldoret. Kila mahali nilikaa mpaka miguu ikaanza kuwasha, nikaondoka.

Mtwapa ndiko nilikosikia muziki wa house kwa mara ya kwanza. Jikoni kulikuwa na ukuta mwembamba, na upande wa pili spika za disko. Besi ilikuwa inatikisa sahani mkononi. Hadi leo nikiosha sahani nasikia kama kuna kitu kimepungua.

Nikarudi nyumbani na deki kuukuu ya kuchezea muziki, nikakuta vijana na wazee wachache kama mimi wanaopenda muziki huu wa kompyuta. Tukaunda grupu kwenye simu. Kila Jumamosi, saa sita mchana hadi jua likizama, tunakutana kwenye uwanja wa mkahawa mmoja hapa, tunacheza ngoma zetu na za watu.

Wote wanaume. Wakuu, wote kabisa.

Tulikuwa tunalijadili jambo hilo sana, kwa uzito wa wabunge. Mmoja anasema wanawake wanataka nyimbo zenye maneno. Mwingine anasema kompyuta zinawachosha. Mwenyekiti wetu, Osoro, fundi wa redio, alishikilia kwamba sikio la mwanamke haliwezi kuvumilia besi. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na sababu, nilikubali tu.

Sasa, dada yangu Kerubo ameolewa Gesima, kule Nyamira, kwenye majani chai. Ni Msabato wa kweli. Binti yake Kwamboka ana miaka ishirini na tatu, anaimba kwaya. Nilienda kuwatembelea mwezi wa nne kurekebisha mabati. Jioni Kwamboka akanifungulia laptop yake, akanivalisha headphone.

"Anko, sikiliza uniambie ukweli. Usinihurumie."

Ilikuwa house. Polepole, nzito, na ndani yake wanawake wakiimba midomo imefungwa na kitu kinapigapiga kama moyo. Ameiita Majani Mabichi. Nilimwomba tu anitilie kwenye flash disk.

Jumamosi iliyofuata nikaicheza. Uwanja mzima ukasimama, halafu ukaruka. Osoro akanijia akiwa ameloa jasho. "Omogaka, hii umepika mwenyewe?"

Nilicheka.

Kucheka kule ndiko kulikokuwa uongo wangu wote. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Wakanibeba juu kama bwana harusi, na mtu wa umri wangu habebwi mara nyingi.

Ikawa "ngoma ya Omogaka". Wiki baada ya wiki. Nilijua Kwamboka hawezi kusikia, kwa sababu Jumamosi yuko kanisani kutwa. Sabato ilikuwa ukuta wangu. Lakini nilianza kukosa hamu ya kula, na nikiona jina lake kwenye simu nageuza simu kifudifudi.

Basi mwenye mkahawa akatuambia Jumamosi moja uwanja umechukuliwa na harusi ya Wakatoliki. Tukahamia Jumapili. Osoro akatengeneza bango, akalisambaza: Omogaka na Majani Mabichi yake.

Jumapili ile nikafika saa saba nikakuta wanawake.

Sio wawili. Walimu, washona nguo, wasichana wa sokoni, mama mmoja na mtoto mgongoni akitikisa bega. Osoro akabaki na waya mkononi. "Hawa wametoka wapi leo?"

Fundi nguo mmoja, Moraa, akamjibu bila hata kuacha kucheza. "Tuko hapa miaka yote. Nyinyi mnacheza Sabato."

Wakuu, nusu ya grupu letu ni watoto wa Wasabato. Sisi wanaume tunatoroka kanisa mchana na hakuna anayeuliza. Dada zetu wakikosa kwaya, kijiji kizima kinajua kabla ya jua kuzama. Tulitoa sababu za masikio na kompyuta, na hakuna aliyetazama kalenda.

Halafu nikawaona. Kerubo na kitambaa chake cha kichwa, na Kwamboka na mkoba wa laptop. Kwamboka akanionyesha simu yake. Bango lile. Alinitazama, na mama yake alikuwa bado hajui kitu.

Papo hapo Osoro akaniita kwenye maiki.

Nilifikiria Eldoret. Kweli kabisa, nilifikiria kupanda gari la Eldoret. Nikashika maiki.

"Hii ngoma si yangu. Haijawahi kuwa yangu. Ni ya huyu, mtoto wa dada yangu, na mimi nilinyamaza mkinisifu."

Wakacheka. Mmoja akapaza sauti kwamba Omogaka ameona wanawake, sasa anajifanya mnyenyekevu. Osoro hakucheka. Akasema, "Kama ni yake, aifungue."

Kwamboka akaketi, akaunganisha laptop. Akaanza kuzima sauti moja moja. Kick, ule mdundo mkuu, ikaondoka. Besi ikaondoka. Mwisho zikabaki zile sauti za wanawake na kile kipigo.

Kerubo akasogea mbele polepole. "Hiyo sauti ni yangu," akasema. "Niko shambani juu, nachuma chai. Na hicho ni kikapu kikigonga mgongo wangu."

Kisha Osoro akavuta kiti, akaketi kando ya Kwamboka, akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza mimi: besi ameiweka wapi hata isigongane na kick? Kwamboka akamweleza. Akamweleza kwa dakika nyingi, na wanaume wazima wakaandika kwenye simu zao.

Chakula cha jioni ile nililamba sahani.

Wakati wa kuondoka Kwamboka akanipa mkoba wake. "Beba, anko. Na usiuangushe."

Nikaubeba hadi stendi. Hakuzungumza nami sana njiani, na sikudai.

Sasa tunacheza Jumapili. Kwenye grupu kuna wanawake tisa, wawili wanatengeneza ngoma. Bado wanaume ni wengi, sidanganyi. Bango jipya lina jina la Kwamboka, langu liko chini kwa herufi ndogo: waya na spika.

Nilichojifunza ni kwamba kunyamaza ukisifiwa kwa kazi ya mtu ni wizi, hata kama hukufungua mdomo. Na kabla ya kuuliza kwa nini wanawake hawaji, angalieni mmewaita siku gani.

Kwenu huko mnacheza siku gani? Na kuna aliyewahi kubeba sifa isiyo yake? Semeni, mimi nimeshaanza.