Krismasi Niliyompeleka Baba Mkwe

Nina stashahada ya uendeshaji wa hoteli, nimeisomea Uingereza kwa jasho langu, kwa hiyo aibu hii sina wa kumsukumia. Baba mkwe alivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kuja kula Krismasi kwetu Mwanza, akitaka kuhakikisha kwamba binti yake kweli kaolewa na msomi. Tangu asubuhi maswali yake yalinichosha. Nikampeleka kwenye hoteli mpya ya ufukweni, iliyotangaza chakula cha sikukuu. Nikaona ukumbi unawaka taa, nikaingia bila kuuliza. Msomi wa hoteli aulize njia?

"Mkwe, mbona humu ni Wahindi watupu?"

"Soko huria hilo, baba."

"Na haya maua waliyotuvika shingoni?"

"Ulaya ni kawaida kabisa."

Nikamketisha meza ya mbele, nikakagua vyombo vyote: dengu, viazi, mboga, chapati. Nyama hakuna! Nikamfokea mhudumu, "Krismasi gani hii bila hata kuku? Niitie mkubwa wako!"

Akaja mzee wa Kihindi mwenye kilemba chekundu, ameunganisha viganja. "Karibuni sana, ndugu zangu. Mtusamehe, sisi hatuli nyama. Ninyi ni wageni wa bwana harusi, au wa binti yangu?"

Baba mkwe akaiweka chapati yake chini taratibu.

"Mkwe," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "kwani huko Ulaya Krismasi nayo huwa na bibi harusi?"