Swali la Mjane wa Mwalimu

Mji mzima ulimwita Mkaguzi, ingawa shule alikwisha acha kuzikagua siku nyingi. Jicho lake liliona ukosi uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, na neno la nyumbani kwake halikuvuka kizingiti. "Mtama haumwagwi penye kuku wengi," aliwaonya watoto wa ukoo.

Marehemu mumewe, Mwalimu, alisoma China ujanani. Aliporudi alifundisha Kichina bure sebuleni kila Jumamosi, wanafunzi wakibanana kochini, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa, na Mkaguzi akiwapitishia chai huku akinung'unikia chaki kwenye mapazia. Aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa binti wa mdogo wake Mwalimu. Mkaguzi ndiye aliyemlea, akamfunza hata kusimama wima mbele za watu.

Sasa binti huyo alikuwa mkalimani wa kituo kipya cha utamaduni, kilichoandaa mihadhara ya wazi juu ya China ya leo katika ukumbi wa maktaba. Mkaguzi alivaa nguo yake ya kutokea, akaketi safu ya mbele kando ya mfamasia, mwanafunzi wa zamani wa sebuleni.

Msimamizi wa kituo alifungua kwa kusema kwamba kabla ya kituo hicho, Kichina hakijapata kufundishwa mjini humo. Kisha profesa mgeni akaeleza jinsi vijana wa kwao wanavyoyaacha maghorofa na kurudi vijijini kuuza machungwa kwa simu. Watu walifurahi. Mkaguzi alikuwa bado analiwaza neno la msimamizi. Alidhani ni kutojua, na kutojua husahihishwa. Wakati wa maswali akasimama.

"Mheshimiwa mgeni, darasa la kwanza la Kichina hapa lilikuwa sebuleni kwangu, na mwalimu alikuwa marehemu mume wangu. Naomba kituo kimtaje."

Binti akafasiri kwa sauti laini. Mgeni akatabasamu, akajibu kirefu.

"Anakushukuru," alisema binti. "Jambo hilo litaangaliwa."

Makofi yakapigwa. Mkaguzi akaketi, kifua kimetulia. Mfamasia alikuwa akitazama viatu vyake.

Wakati wa chai mfamasia alimvuta Mkaguzi pembeni. "Mama, nisamehe. Binti hakulifasiri swali lako; kamuuliza mgeni machungwa huiva mwezi gani."

"Na wewe ulisikia ukanyamaza?"

"Mwanangu ameomba nafasi ya kwenda kusoma China. Inapitia kituoni."

Mkaguzi akaweka kikombe chini, akaondoka. Alimkuta binti nyuma ya jukwaa, akikunja waya wa kipaza sauti.

"Nimeuliza nini mle ndani?"

Binti hakujifanya haelewi. "Mama mkubwa, wafadhili tumewaambia sisi ndio wa kwanza. Huyu mgeni ni mtu wao. Ningesema yale, kesho sina kazi. Baba mkubwa mwenyewe angenielewa."

"Marehemu usimsemee. Walio hai wenyewe wamekushinda kuwasemea."

Kabla binti hajajibu, mtangazaji wa redio akaingia na kinasa sauti. "Dada, hongera. Mama hapa ametaja darasa la sebuleni. Ulianzia hapo?"

Binti alimtazama Mkaguzi mara moja, kisha akatazama kile kinasa sauti.

"Hapana. Nimejifunzia hukohuko China. Pale nyumbani wazee walikuwa wakipiga soga, na salamu mbili tatu za Kichina."

Mtangazaji akacheka, akamsogezea Mkaguzi kinasa sauti. "Ndivyo, mama?"

Neno moja lingetosha kumuumbua binti. Lakini jina lililoandikwa kwenye beji ya binti lilikuwa la ukoo wa Mwalimu, na redio ingelitangaza mji mzima kuwa ni jina la mwongo.

"Ndivyo," alisema Mkaguzi. "Walipiga soga."

Binti akanyoosha mkono kumshika bega. Mkaguzi alikwisha geuka, akapita katikati ya watu akiitikia salamu za kila mmoja, wima, hadi nje.