Bega la Hakosi

Dobi huyu wa hospitali alipewa jina la Hakosi zamani, wakati bado analistahili. Alikuwa mfungaji wa timu ya wafanyakazi ya mpira wa pete, na akisimama chini ya goli na mpira mkononi, mashabiki wa upande wa pili walianza kukusanya vitu vyao waende nyumbani. Kisha siku moja, akiburuta kapu la mashuka yaliyolowa kwenye sakafu yenye sabuni, mguu ukaenda kwake, yeye akaenda kwake, na bega la kulia likachomoka. Walilirudisha mahali pake hapohapo hospitalini, kwa hiyo angalau hakulipa nauli. Jina nalo likabaki. Watu wakawa wanamwita Hakosi mtu asiyeweza hata kuanika nguo kwenye kamba, naye akawa anaitika, maana angefanyaje.

Mtaalamu wa viungo hakumficha kitu. "Mama, mkono huu unaweza kurudi kama zamani, na unaweza kuishia hapo ulipo. Fanya mazoezi. Zaidi ya hapo mimi sijui."

Hakosi alimshukuru kwa kukiri kwamba hajui. Waliojua walikuwa wengi mno, kila mtu na dawa ya shangazi yake.

Hapo ulipo palikuwa usawa wa bega. Ukifika hapo, mkono uligoma kama punda. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, alisimama mbele ya kioo cha kabati, akauinua mpaka unapogomea, akafumba macho na kusema, "Mungu wangu, asante kwa hapa." Baada ya hapo ndipo alipoomba kilichobaki. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma na mtu asiyependa kazi nusunusu, alimsikia kutoka kitandani.

"Unamshukuru kwa nusu mkono?"

"Kwani hiyo nusu ni ya nani? Si yangu?"

Mume akageukia ukutani. Lakini jioni yake alirudi na pete ya chuma aliyoiunda mwenyewe, akaifunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba, chini kidogo kuliko ya uwanjani.

Hapo ndipo Hakosi alipokuwa akijifua kila akitoka kazini. Alirusha kutoka kifuani, kiwiko kimekunjwa, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Ukiwa karibu na hakuna wa kukuzuia, mpira unaingia. Mchezoni, hata hivyo, kuna mlinzi, na mlinzi ana mikono, na asiyeweza kurusha kutoka juu ya kichwa anampa mlinzi zawadi. Hilo kila mtu alilijua, kocha kuliko wote. Kocha huyo, ambaye siku za kazi alikuwa mpishi wa wagonjwa, aliendelea kumpa jezi na kumweka benchi. Miezi ikapita. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakuambii utakula lini, wala kama wewe ndiye utakayekuwa na meno siku hiyo. Hakosi aliendelea kurusha.

Sasa, ili umwelewe vizuri, lazima ujue mashuka ya wodi yanavyokunjwa. Wawili mnashika pembe, mnarudi nyuma mpaka shuka likaze, kisha mnaliinua kwa pamoja juu ya vichwa na kulikung'uta, mikunjo itoke. Shuka halina bosi. Mmoja akiinua chini, mwenzake naye atashuka bila kujua, la sivyo linajipinda. Dobi mzoefu haangalii mkono wake, analifuata shuka. Na mwenzake Hakosi wa kukunja alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mlinzi wa timu hiyohiyo na mwanamke mwenye maneno kuliko redio.

Ikatokea wifi kaomba ruhusa kwenda kumuuguza mama mkwe wake. Hakosi akapangiwa msukuma vitanda mmoja waliyemwita Mlingoti, na ukimwona huulizi kwa nini. Mlingoti hakuwa na habari za bega la mtu. Alishika pembe zake, akarudi nyuma, akainua mpaka huko kwake juu, na mkono wa Hakosi, kwa mazoea, ukalifuata shuka. Ukapita bega. Ulipofika usawa wa jicho ndipo maumivu yalipomfikia mwenyewe, akapiga yowe lililomtoa muuguzi wodi ya jirani.

Mlingoti aliomba radhi hadi akaishiwa maneno. Hakosi hakumsikia. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, machozi yanamtoka, akili inakwenda mbio. Mkono ulikuwa umepita. Kumbe usawa wa bega haukuwa mwisho wake. Ndipo tu ulipozoeshwa kuishia.

Wifi aliporudi, hakukaribishwa hata kwa chai.

"Wifi, tangu lini unakung'uta mashuka kifuani?"

Wifi akajifanya anatafuta sabuni. Hakosi akamsubiri. Sabuni ilikuwa mbele yake.

"Tangu nilipokuona unauma meno kila tukiinua," wifi akasema mwishowe. "Nikaona nishushe kidogo, upumue. Ukazoea, nami nikazoea. Nilikuonea huruma, wifi yangu."

Ilikuwa huruma ya kweli, na Hakosi alijua, ndiyo maana hakuweza kumkasirikia. Miezi yote hiyo mtu alikuwa amembebea uchungu wake upande wa pili wa shuka, bila kudai asante. Akamshika mkono.

"Mungu akulipe. Sasa acha. Kuanzia leo inua juu. Nikilia, inua. Nikikutukana, inua."

"Na ukinitukana na ukoo wangu?"

"Ukoo wenu nimeolewa nao, sikosi la kusema. Wewe inua tu."

Wakaanza. Hospitali hukosa dawa, hukosa glovu, lakini mashuka ya kukunja haikosi. Kuna siku mkono ulifika kwenye nyusi, na kesho yake ukarudi kidevuni kama uliosahau njia. Wifi aliinua huku amefumba macho, maana kumtazama mwenzake alishindwa. Asubuhi mbele ya kioo, ile "hapa" ya kushukuru ikawa inahamahama, mara juu, mara chini, na Hakosi aliishukuru popote alipoikuta. Juu kabisa, kiwiko kikiwa kimenyooka, mkono haukuwahi kufika. Wala hakuna aliyemwahidi kwamba utafika.

Ikaja fainali ya kombe la wafanyakazi, hospitali na walimu. Mwanzoni mwa robo ya mwisho mfungaji wao akateguka kifundo cha mguu, wakati huo wamezidiwa mabao. Kocha akageukia benchi, akamtazama Hakosi kama sufuria asiyojua imebakiza nini.

"Utaweza?"

"Sijui, kocha."

"Ndiyo jibu hilo?"

"Ndilo nililonalo."

Akaingia. Mpira wake wa kwanza haukufika hata kwenye pete, na walimu wakacheka kwa adabu, kama walimu. Lakini Hakosi hakuwa mgeni wa lango lile. Akawa anajibana karibu kabisa na nguzo, anapokea na kurusha kutoka kifuani kabla mlinzi hajajipanga, na mabao yakaingia moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja tu wasawazishe. Mwamuzi akawa anaangalia saa.

Hapo mlinzi wao, mwalimu wa hesabu, akawa ameshamaliza kupiga hesabu yake. Hakosi alipopokea mpira wa mwisho alikuta mikono yote miwili ya mwalimu imemsimamia usoni. Njia ya kifuani ilikuwa imefungwa. Imebaki ya juu, ile ambayo mkono haujawahi kuimaliza tangu uumie, na filimbi haimsubiri mtu.

Akainua. Mkono ukapita bega, ukapita jicho, ukapita nyusi. Maumivu yakaja na akayaacha yaje. Kiwiko kikanyooka, mkono ukasimama wima kando ya sikio, na mpira ukaondoka juu ya vidole vya mwalimu.

Ukagonga pete. Ukaizunguka taratibu, ukaegemea nje, ukadondoka. Filimbi ikalia.

Walimu wakarukiana. Wa hospitali wakashika vichwa, isipokuwa mmoja. Kutoka mwisho wa pili wa uwanja wifi alikuja mbio, analia na kucheka, wenzake wanamshangaa.

"Umenyooka, wifi. Nimeuona toka kule."

"Nimekosa, lakini."

"Nani kauliza mpira?"

Hakosi alitaka kuhuzunika, akashindwa. Alifurahi, tuseme hivyohivyo. Katikati ya uwanja, walioshinda wanaimba, akaunyanyua tena mkono, bila mpira safari hii, aone kama ni kweli. Ukaenda mpaka juu. Akauacha hukohuko.

Mwamuzi alimwona, akamjia na uso wa kazi.

"Mama, una malalamiko?"

"Sina, dada," Hakosi akasema, mkono bado juu. "Sina hata moja."