Mwethya wa Mishi katika Siku ya Mapumziko

Mishi binti Jabiri alishona sare za shule mjini Salama kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote, kwa rehema za Mola, hakuna aliyemwona ameketi huku mwenzake akielemewa. Mama yake, mkulima wa Kasikeu, alimlea katika mwethya, ile desturi ya majirani kukusanyika na kumlimia mtu shamba lake bila ujira.

Mwaka huu shule zilipunguza oda. Fahad, mwenye karakana, angeweza kuwaachisha kazi sita kati ya washonaji wake kumi na wawili. Badala yake waligawana kazi: kila mmoja siku tatu kwa juma, na mfuko wa ushirika wao ukimlipa nusu ya ujira wa siku alizopumzika. Mishi alipewa Jumatatu hadi Jumatano. Nduku, aliyeajiriwa mwisho, Alhamisi hadi Jumamosi.

Jumatano moja jioni Nduku aliungua mkono kwa uji. Kulipokucha, Mishi aliketi kwenye cherehani ya Nduku, akaanza kupinda sketi zake.

"Leo si zamu yako," alisema Musembi, mpiga pasi. "Ama nyumbani kumekushinda?"

"Nyumbani kuna kuku, nao hawaniulizi maswali kama wewe."

Walikuwa wangali wanacheka alipoingia Ben, mkaguzi wa mfuko. Alitazama orodha, kisha cherehani.

"Mama Mishi, leo umeandikwa unapumzika, na unalipwa."

"Sikuja kuchukua cha mtu, mwanangu. Nduku ameungua. Huu ni mwethya."

"Naujua mwethya, hata kwetu upo. Lakini mfuko hulipa kwa kuwa kazi haiwatoshi watu wote. Ukiweza kuifanya ya Nduku juu ya yako, kanuni inasema kuna nafasi iliyozidi. Inafutwa."

Mishi alishika ukingo wa meza. Kwa mikono iliyokuja kumwauni mwenzake alikuwa amemtoa kazini, naye Nduku hana habari. Fahad alikuja, akaisoma kanuni mara mbili. Chini yake zilikuwapo sahihi za wote, ya Mishi ikiwamo. Aliitia bila kuwaza kwamba msaada nao ungeitwa kazi.

"Inataja nafasi ya nani?" aliuliza Mishi.

"Iliyozidi tu."

"Basi aliyezidi ni mimi. Mimi ndiye niliyekuja siku isiyo yangu."

Fahad alimsihi asubiri hadi Jumatatu. Alikataa, kwani akisubiri wangeandika jina la Nduku, aliyeajiriwa mwisho. Ben aliandika jina la Mishi polepole bila kuinua macho. Mishi aliomba amalizie sketi iliyokuwa chini ya sindano. Ben akatikisa kichwa kukataa.

Akajifunga leso, akaenda moja kwa moja kwa Nduku. Alimkuta ameinama kizingitini, akijaribu kufunga viatu kwa mkono mmoja.

"Dada Mishi, nimechelewa," alisema Nduku. "Fahad amekasirika?"

Mishi alichuchumaa, akamfunga kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili.

"Nenda," alisema. "Cherehani yako ipo."